Kutoka Kupimwa hadi Kupima: Historia ya Ulinganishaji wa Katuni za Clone Wars na Filamu za Star Wars miongoni mwa Mashabiki, 1978–2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mashabiki wa filamu za Star Wars walivyozilinganisha filamu hizo na katuni zilizochipuka kutokana nazo, hasa Clone Wars (2003–2005) na The Clone Wars (2008–2020). Hoja kuu ni kwamba ulinganishaji huo ulianza kwa kuifanya filamu kuwa kipimo na katuni kuwa kitu kinachopimwa, lakini katika kipindi cha miaka 40 uhusiano huo uligeuka, hata katuni ikawa kipimo cha kuisomea filamu. Makala inaonesha pia kuwa uamuzi rasmi wa mwaka 2014, uliolenga kueleza ni matini zipi zihesabiwe kuwa za kweli, ulimaliza mgogoro wa tarehe na matukio lakini haukuumaliza mgogoro wa maana. Mfano unaotumika kuthibitisha jambo hilo ni mjadala kuhusu hatia ya askari kloni waliowaua Majedi.

1.0 Utangulizi

Filamu ya kwanza ya Star Wars ilianza kuoneshwa nchini Marekani tarehe 25 Mei 1977. Ndani yake mzee Obi-Wan Kenobi anakiri mbele ya kijana Luke Skywalker kwamba alipigana katika vita viitwavyo Vita vya Kloni, na kwamba alikuwa Jedi kama alivyokuwa baba wa kijana huyo. Vita hivyo havielezwi zaidi. Haisemwi nani alipigana na nani, wala kloni walikuwa upande upi. Kwa takribani robo karne watazamaji walibaki na jina tu.

Filamu ya Attack of the Clones (2002) ilionesha mapigano ya kwanza ya vita hivyo, kisha ikaishia hapo. Filamu iliyofuata, Revenge of the Sith (2005), ilianzia pale vita vilipokuwa vinakaribia kumalizika. Kwa hiyo miaka mitatu ya vita vilivyotajwa tangu mwaka 1977, ambavyo ndivyo vilivyowaangusha Majedi na kumgeuza Anakin Skywalker kuwa Darth Vader, haikuoneshwa katika filamu yoyote kati ya hizo. Mtazamaji aliyetaka kujua kilichotokea katika miaka hiyo alilazimika kugeukia katuni. Hali hii ndiyo inayofanya mfano huu ustahili uchunguzi wa kihistoria: katuni haikuwa nyongeza ya pembeni tu, bali ilibeba sehemu ya kisa ambayo filamu zenyewe ziliiacha.

Tafiti kuhusu mashabiki zimeathiriwa sana na kitabu cha Henry Jenkins, Textual Poachers (1992), ambacho kikitumia dhana ya Michel de Certeau kinamtazama shabiki kama mwindaji asiye na kibali, anayeingia katika shamba la mwenye mali na kutoka na anachokihitaji. Mtazamo huo unafaa kueleza ubunifu wa mashabiki, lakini hauelezi vya kutosha tendo la kulinganisha. Anayelinganisha hachukui kitu kutoka shambani. Anachunguza ushahidi, anapanga matukio kwa tarehe, anapima shahidi yupi aaminiwe pale wawili wanapopingana. Hiyo ni kazi iliyo karibu zaidi na ya mwanahistoria. Kwa sababu hiyo makala hii inaegemea Nadharia ya Upokezi ya Hans Robert Jauss, hususan dhana yake ya upeo wa matarajio: kwamba kila kazi mpya hupokelewa kwa kipimo cha kazi zilizotangulia, na kwamba kazi mpya huweza kukibadili kipimo chenyewe.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa. Neno kanoni katika makala hii lina maana ya jumla ya matini zinazokubaliwa kuwa zinasema kweli kuhusu ulimwengu wa kubuni. Matini iliyo nje ya kanoni huweza kusomwa na kupendwa, lakini matukio yake hayahesabiwi kuwa yalitokea.

2.0 Katuni kama Mtoto wa Kambo, 1978–1986

Katuni ya kwanza ya Star Wars ilioneshwa tarehe 17 Novemba 1978, ikiwa sehemu fupi ndani ya kipindi maalumu cha sikukuu katika televisheni ya CBS. Ilitengenezwa na studio ya Nelvana ya Toronto, Kanada. Katika katuni hiyo ndimo Boba Fett alimoonekana kwa mara ya kwanza kwenye skrini, miaka miwili kabla ya kuonekana katika filamu ya The Empire Strikes Back (1980). Jambo hili lina uzito. Tangu mwanzo kabisa palikuwa na mhusika aliyetangulia katika katuni kabla ya kuingia katika filamu. Hata hivyo, kipindi hicho hakikurudiwa rasmi kwenye televisheni, na kwa miaka mingi kilijulikana kupitia kanda ambazo watazamaji walijirekodia na kupeana.

Mwaka 1985 studio hiyohiyo ya Nelvana ilitengeneza mifululizo miwili, Droids na Ewoks, iliyooneshwa na televisheni ya ABC Jumamosi asubuhi. Huo ulikuwa muda wa watoto, na vipindi vya muda huo katika miaka ya 1980 vilifungamana kwa karibu na biashara ya vitu vya kuchezea. Kampuni ya Kenner, iliyokuwa ikiuza vinyago vya filamu, iliuza pia vinyago vya katuni hizo. Ingawa mwigizaji Anthony Daniels aliendelea kutoa sauti ya C-3PO katika Droids kama alivyofanya katika filamu, mtazamaji aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1977 alikuwa sasa na miaka 23, na katuni hizo hazikumlenga yeye.

Ulinganishaji wa awamu hii, kwa hiyo, ulikuwa wa kutenga. Filamu ilihesabiwa kuwa kisa, na katuni ikahesabiwa kuwa mchezo wa watoto. Haikuwapo haja ya kuuliza kama tukio la Ewoks lilipingana na tukio la Return of the Jedi (1983), kwa kuwa katuni haikupewa hadhi ya shahidi. Kwa lugha ya Jauss, upeo wa matarajio ulikuwa umefungwa na filamu tatu, na kilichokuja baadaye hakikuwa na nguvu ya kuusogeza.

3.0 Katuni ya 2003–2005 na Swali la Kiasi

Hali ilianza kubadilika tarehe 7 Novemba 2003, wakati Cartoon Network ilipoanza kuonesha Clone Wars, iliyoongozwa na Genndy Tartakovsky, aliyekwisha kujulikana kwa Dexter's Laboratory na Samurai Jack. Mfululizo huo ulikuwa na sehemu 25. Sehemu 20 za mwanzo zilikuwa za takribani dakika tatu kila moja, na tano za mwisho, zilizooneshwa mwaka 2005, zilikuwa ndefu zaidi. Ulipata tuzo za Emmy mwaka 2004 na 2005.

Tofauti kubwa kati ya mfululizo huu na katuni za miaka ya 1980 ilikuwa nafasi yake katika kisa. Ulitolewa kati ya filamu ya 2002 na ile ya 2005, na matukio yake yalikuwa kati ya filamu hizohizo. Sehemu za mwisho zinaonesha jinsi Chansela Palpatine anavyotekwa nyara na Jenerali Grievous, na Revenge of the Sith inaanza wakati Majedi wanakwenda kumwokoa. Mtazamaji aliweza kutoka katika katuni na kuingia katika filamu bila kuvuka pengo. Kwa mara ya kwanza katuni ilikuwa mlango wa filamu.

Kutokana na ukaribu huo, mashabiki walianza kuuliza maswali ambayo hayakuulizwa kuhusu Ewoks. Swali la kwanza lilihusu kiasi cha nguvu. Tartakovsky alitumia maneno machache na vitendo vilivyokuzwa. Katika sehemu moja Mace Windu anapoteza upanga wake na kuliangamiza jeshi zima la roboti kwa mikono mitupu. Watazamaji waliokuwa wamewaona Majedi wakiuawa kwa wingi katika uwanja wa Geonosis kwenye filamu ya 2002 walijiuliza: ikiwa Jedi mmoja aweza kufanya hivi, kwa nini wenzake walikufa kule? Wapo waliojibu kuwa katuni ni kama sifa za shujaa zinavyosimuliwa baada ya vita, yaani tukio lilitokea lakini msimulizi ameongeza chumvi. Wengine walikataa jibu hilo kwa hoja kwamba shahidi anayeongeza chumvi katika jambo moja hawezi kuaminiwa katika jingine.

Swali la pili lilimhusu Grievous. Mhusika huyu alioneshwa katika katuni mwaka 2004, kabla ya filamu iliyomtambulisha kwa watazamaji wengi. Katika katuni anatisha: anawawinda Majedi kadhaa kwa wakati mmoja na kuwashinda. Katika filamu anakohoa, amejikunja, na mara kwa mara anakimbia. Sehemu ya mwisho ya katuni inatoa sababu: Mace Windu anatumia nguvu zake kumponda kifua Grievous anapoondoka na mateka wake. Kwa maelezo hayo, kikohozi cha filamu ni jeraha la katuni.

Umuhimu wa mfano huu ni kwamba hapa ndipo mwelekeo wa kupima ulipoanza kuyumba. Shabiki aliyemfahamu Grievous kwanza kupitia katuni aliiona filamu kuwa ndiyo yenye upungufu. Hakuuliza kwa nini katuni haifanani na filamu, bali aliuliza kwa nini filamu haikutimiza kile katuni ilichoahidi. Upeo wa matarajio ulikuwa umeanza kuwekwa na katuni.

4.0 Mfululizo wa 2008 na Mwanafunzi Asiyejulikana

Tarehe 15 Agosti 2008 ilitolewa filamu ya katuni The Clone Wars, ikifuatiwa na mfululizo wa jina hilohilo kuanzia tarehe 3 Oktoba mwaka huo. Dave Filoni, aliyewahi kufanya kazi katika Avatar: The Last Airbender, ndiye aliyeongoza filamu na kusimamia mfululizo, na George Lucas mwenyewe alishiriki kwa karibu. Filamu iliundwa kwa kuunganisha sehemu zilizokusudiwa kwa televisheni, na wahakiki wengi hawakuipokea vizuri.

Tatizo kubwa kwa mashabiki halikuwa ubora wa picha. Lilikuwa mhusika mpya, Ahsoka Tano, msichana anayekabidhiwa kwa Anakin Skywalker awe mwanafunzi wake. Mashabiki waliokwisha kuitazama Revenge of the Sith walijua kwamba Anakin hataji mwanafunzi yeyote katika filamu hiyo, na hakuna mwingine anayemtaja. Kwa mwenye kupima kwa kipimo cha filamu, kimya hicho kilikuwa ushahidi kwamba mwanafunzi huyo hakuwapo, au kwamba alikufa kabla ya filamu kuanza. Hivyo Ahsoka alipokelewa na wengi kama mtu aliyepachikwa ndani ya historia iliyokwisha kuandikwa.

Pamoja na hilo, katuni ya 2008 iligongana na ile ya 2003. Katika katuni ya Tartakovsky, Anakin anatawazwa kuwa Jedi kamili katika sehemu za mwisho, vita vikiwa vimeendelea kwa muda mrefu. Katika The Clone Wars tayari ni Jedi kamili mwanzoni mwa kisa, na anapewa mwanafunzi. Pia Grievous anakohoa katika mfululizo mpya muda mrefu kabla ya jeraha alilopewa na Mace Windu katika ule wa zamani. Mashabiki walijikuta na mashahidi watatu badala ya wawili, na mashahidi wawili kati yao walikuwa katuni.

Waandishi wa mfululizo wa 2008 hawakuwa huru mbele ya filamu. Mfano unaojulikana ni ule wa Anakin na Grievous. Mazungumzo yao katika Revenge of the Sith yanaonesha kuwa ndiyo mara yao ya kwanza kukutana ana kwa ana. Kwa hiyo mfululizo uliohusu vita ambamo mmoja ni jenerali wa upande huu na mwingine jenerali wa upande ule ulilazimika kuwaweka mbali mmoja na mwingine. Sentensi moja ya filamu ilitawala misimu mizima ya katuni. Mashabiki walilifuatilia jambo hilo kwa makini, na kila sehemu iliyowakaribisha wahusika hao wawili ilikaguliwa.

Kimya cha filamu kuhusu Ahsoka nacho kilipata maelezo tarehe 2 Machi 2013, mwishoni mwa msimu wa tano. Ahsoka anashutumiwa kwa kosa asilolitenda, baraza la Majedi linamfukuza, kisha ukweli unapodhihirika anaalikwa kurudi naye anakataa. Kwa tendo hilo katuni haikujikinga tu dhidi ya filamu. Iliipatia filamu maana mpya: Anakin wa mwaka 2005, asiyeliamini baraza, sasa ana sababu ambayo filamu yenyewe haikuitoa.

5.0 Ngazi za Ukweli na Uamuzi wa 2014

Mashabiki hawakuwa peke yao katika kazi ya kupanga ushahidi. Kuanzia mwaka 2000 kampuni ya Lucasfilm ilikuwa na hifadhidata ya ndani iliyoitwa Holocron, chini ya usimamizi wa Leland Chee, iliyokusanya taarifa za filamu, riwaya, michezo ya kompyuta na vitabu vya picha. Taarifa ziligawiwa kwa ngazi zilizotambulishwa kwa herufi. Ngazi ya juu, G, ilikuwa ya filamu na kauli za George Lucas. Ngazi ya C ilibeba sehemu kubwa ya riwaya na vitabu vingine. Ujio wa The Clone Wars ulileta ngazi mpya, T, kwa ajili ya televisheni, iliyowekwa chini ya filamu na juu ya riwaya.

Ngazi hiyo ya T ni ushahidi muhimu wa kihistoria. Inaonesha kuwa katuni, iliyokuwa mtoto wa kambo mwaka 1985, ilikuwa imepandishwa juu ya riwaya zilizosomwa na watu wazima tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasomaji wa riwaya hizo waliumia. Kwao, vitabu walivyovinunua na kuvisoma kwa miaka mingi viliweza kubatilishwa na sehemu moja ya katuni ya dakika 22. Mfano ulioleta uchungu ni wa watu wa Mandalore. Riwaya za Karen Traviss ziliwaeleza kama jamii ya wapiganaji yenye lugha na mila zake. Mwaka 2010 katuni iliionesha Mandalore ikiongozwa na Bibi Satine, mtawala mwenye msimamo wa kukataa vita kabisa. Maelezo hayo mawili hayakuweza kusimama pamoja bila kurekebishwa.

Tarehe 30 Oktoba 2012 kampuni ya Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa takribani dola bilioni 4.05. Mfululizo wa The Clone Wars ulisimamishwa mwaka uliofuata, na msimu wa sita ukatolewa kupitia Netflix mwezi Machi 2014. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Aprili 2014, Lucasfilm ilitangaza kwamba kanoni itakuwa filamu sita pamoja na The Clone Wars, filamu yake na mfululizo wake. Riwaya, michezo na vitabu vilivyotangulia vikawekwa chini ya jina jipya, Legends.

Matokeo ya tangazo hilo kwa katuni mbili zinazochunguzwa hapa yalikuwa kinyume. Katuni ya 2008 iliketi meza moja na filamu. Katuni ya 2003, iliyopata Emmy mara mbili na iliyokuwa mlango wa filamu ya 2005, ikatolewa nje ya kanoni. Jeraha la Grievous halikutokea tena. Hata hivyo mashabiki wengi hawakuacha kulitaja, na Grievous wa Tartakovsky aliendelea kutumiwa kama kipimo cha namna mhusika huyo alivyopaswa kuwa. Hapa panahitajika kutofautisha mambo mawili ambayo neno kanoni huyaficha: mamlaka ya kusema nini kilitokea, na uwezo wa kufanya kilichosimuliwa kiaminike. Mamlaka ya kwanza yalikuwa mikononi mwa kampuni na yaliweza kuhamishwa kwa tangazo la siku moja. Uwezo wa pili ulitokana na kazi yenyewe na ulibaki kwa watazamaji.

6.0 Chipu Ubongoni: Mjadala wa Hatia

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika jambo lililo zito kuliko tarehe na majeraha. Katika Revenge of the Sith, Palpatine anatoa Amri ya 66, na askari kloni katika sayari mbalimbali wanawageukia makamanda wao wa Jedi na kuwaua. Filamu haielezi kilichopita katika nafsi zao. Inachotoa kwa mtazamaji ni maelezo ya filamu ya 2002 kwamba kloni walirekebishwa tangu kutengenezwa ili wawe watiifu, wasiohoji amri. Tafsiri iliyoenea baada ya 2005 ni kwamba walitii kwa kuwa walikuwa askari.

Msimu wa sita wa The Clone Wars, mwaka 2014, ulileta maelezo mengine. Askari aitwaye Tup anamuua Jedi kabla ya amri kutolewa. Mwenzake, Fives, anachunguza na kugundua kwamba kila kloni ana chipu iliyopandikizwa ubongoni. Fives anauawa kabla hajaaminiwa. Kuanzia hapo Amri ya 66 si amri inayotiiwa bali ni kifaa kinachowashwa.

Mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko huo haukuwa wa wapenzi wa filamu dhidi ya wapenzi wa katuni. Upande wa kwanza ulidai kuwa chipu imeondoa onyo kali kuliko yote katika filamu ya 2005, yaani kwamba watu wa kawaida, wenye urafiki na wale wanaowaua, wanaweza kuua kwa sababu tu wameamriwa. Hoja hii ina mizizi nje ya sinema. Tangu mahakama ya Nuremberg ya 1945–1946, utetezi wa kutii amri ya mkubwa haumwondolei mtuhumiwa wajibu, na kanuni hiyo iliingizwa pia katika sheria iliyounda mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyoketi Arusha. Kloni mwenye chipu hawezi kuulizwa swali hilo. Hana hatia kwa kuwa hana chaguo.

Upande wa pili ulidai kuwa chipu haikuja kupunguza maana bali kulinda maana nyingine ambayo katuni ilikuwa imeijenga kwa misimu mitano. Filamu ziliwaonesha kloni kama safu za sura moja. Katuni iliwapa majina, mitindo ya nywele, michoro mwilini, mizaha, na uwezo wa kukataa amri mbaya. Kwa mtazamaji aliyewafahamu hivyo, haikuaminika kwamba wote wangegeuka kwa sekunde moja bila hata mmoja kusita. Kwa upande huu, swali la hatia halikufutwa. Lilihamishwa kutoka kwa askari hadi kwa waliomtengeneza na kwa Jamhuri iliyokubali kumtumia. Majedi wenyewe, walioongoza jeshi la watu waliotengenezwa kwa ajili ya kufa, wakaingia katika orodha ya wanaopaswa kujibu.

Mjadala huu haukuweza kumalizwa na tangazo la Aprili 2014. Hakuna aliyebisha kwamba, kwa mujibu wa kanoni, chipu ipo. Kilichobishaniwa ni kama kisa kimekuwa bora au duni kwa kuwapo kwake, na kama filamu ya 2005 inabaki ileile mtazamaji anapojua habari za chipu. Kampuni iliweza kuamua tukio. Haikuweza kuamua tukio hilo lina maana gani kwa anayelitazama.

7.0 Kipimo Kilivyogeuka, 2016–2020

Baada ya 2014 filamu zenyewe zilianza kuitegemea katuni. Saw Gerrera, aliyeanzia katika msimu wa tano wa The Clone Wars mwaka 2012, aliigizwa na Forest Whitaker katika Rogue One (2016). Darth Maul, aliyekatwa vipande viwili katika The Phantom Menace (1999) na kurudishwa hai na katuni mwaka 2012, alitokea mwishoni mwa filamu ya Solo (2018). Mtazamaji wa filamu pekee alishangaa kumwona hai mtu aliyemwona akifa. Mtazamaji wa katuni hakuhitaji maelezo. Mwaka 2019, katika The Rise of Skywalker, sauti ya Ashley Eckstein, aliyemtolea sauti Ahsoka katika katuni, ilisikika miongoni mwa sauti za Majedi wa kale.

Mageuzi yalikamilika mwaka 2020, wakati msimu wa saba ulipotolewa kupitia Disney+ kuanzia tarehe 21 Februari hadi tarehe 4 Mei. Sehemu zake nne za mwisho zinatokea sambamba na Revenge of the Sith. Ahsoka yuko mbali wakati Anakin anaanguka kwingineko. Amri ya 66 inapotolewa, Rex, rafiki yake, anapigana na mkono wake mwenyewe kwa muda wa kutosha kumpa Ahsoka fununu, kisha chipu yake inatolewa. Mashabiki walianza kupanga filamu na sehemu hizo katika mfuatano mmoja, tukio kwa tukio, ili kuzitazama kama kazi moja.

Desturi hiyo ya kuzipanga pamoja ni tofauti kabisa na ulinganishaji wa mwaka 1985. Ahsoka, ambaye kutotajwa kwake katika filamu kulikuwa hoja dhidi yake mwaka 2008, sasa alikuwa sababu ya kuirudia filamu. Hata hivyo sauti za upinzani zilikuwapo, nazo zina haki ya kusikilizwa. Hoja yao ni kwamba filamu yapaswa kujitosheleza. Ikiwa anguko la Anakin linaaminika tu kwa aliyetazama sehemu zaidi ya 100 za katuni, basi katuni haijaikamilisha filamu, bali imeufunua upungufu wake. Hoja hiyo inakubali, bila kukusudia, kwamba katuni imekuwa kipimo. Hata anayeilaumu filamu kwa kushindwa kujitegemea anajua kilichokosekana kwa sababu katuni imekwisha kumwonesha.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha awamu tatu. Katika ya kwanza, 1978–1986, kulinganisha kulikuwa kutenga, kwa kuwa katuni haikupewa hadhi ya kusema lolote kuhusu filamu. Katika ya pili, 2003–2013, katuni iliitwa mbele ya filamu kama shahidi, ikahojiwa juu ya tarehe, nguvu, majeraha na mwanafunzi asiyetajwa. Katika ya tatu, kuanzia 2014, katuni iliketi mahali pa filamu, na filamu zikaanza kusomwa upya kwa mwanga wake.

Mabadiliko hayo hayawezi kuelezwa kwa uamuzi wa kampuni peke yake. Uamuzi wa 2014 uliipa katuni ya 2008 mamlaka, lakini mapokezi ya Grievous wa 2003 yanaonesha kwamba kazi iliyonyang'anywa mamlaka huweza kuendelea kuwa kipimo, na mjadala wa chipu unaonesha kwamba kazi iliyopewa mamlaka hailazimishi kukubaliwa kwa maana yake. Dhana ya upeo wa matarajio inafaa kueleza hali zote mbili, mradi isichukuliwe kuwa upeo huwekwa na kazi iliyotangulia kwa wakati tu. Kwa shabiki aliyeanza na katuni, filamu ya 2005 ndiyo iliyokuja baadaye.

Kwa watafiti wa upokezi, funzo lililo wazi zaidi linatokana na swali la hatia. Mashabiki walipobishana iwapo kloni walitii au waliwashwa, hawakuwa wakihesabu makosa ya mwendelezo. Walikuwa wakiuliza kama mtu anayeua kwa amri anaweza kusamehewa, na ni nani mwingine anayepaswa kusimama kizimbani pamoja naye. Swali hilo filamu ililianzisha kwa kunyamaza, na katuni ikalijibu kwa namna ambayo baadhi ya watazamaji wake hawakuridhika nayo.